Draiva wa Zamani

Saa nne na nusu asubuhi.

Chumba cha nyuma cha karakana kilinuka oili na jasho. Bosi alichora kwa chaki sakafuni ramani ya jengo la kampuni ya vito: geti, korido, chumba cha seva, stoo ya vito. Seva ya mle ndani, kompyuta inayoongoza milango, ilikufa juzi, na Fundi ndiye aliyeiua, akiwa mbali. Leo angeingia na mpya, kavaa sare ya watu wa matengenezo. Seva hiyo ndiyo itakayouamuru mlango wa stoo ufunguke. Mabega, mbeba mizigo wao, angezoa vito.

"Magari mawili uchochoroni," Bosi alisema. "La kwanza Kaka. La pili Mgeni."

Kaka na Fundi walitoka tumbo moja. Miaka tisa Kaka alikuwa draiva wa genge hilo, na leo alikuja kwa sababu tu mdogo wake alimbembeleza. Mgeni aliletwa mwezi uliopita. Hawakuiva chungu kimoja.

"Huyu akitangulia, mimi siendi," alisema Mgeni.

"Usiende. Nani alikuita?" Kaka alimjibu.

"Kimya!" Bosi alipapasa kisu kiunoni. "Kazi mbili zimeharibika. Kuna mtu anatuchoma kwa polisi. Nikimjua, simuulizi swali la pili."

Fundi alijaribu kueleza kinachoweza kukwama: draiva, yaani programu inayoifanya seva ielewane na kifaa kama kadi ya mlango, inayopeleka amri kwenye kufuli. Hakufika mbali.

"Sitaki darasa. Nataka mlango wazi."

Mpumbavu. Dakika mbili za kusikiliza zilimshinda mtu mzima na ndevu zake.

Saa saba kasoro tano mchana.

Wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula. Fundi alichomeka kadi ya mlango kwenye seva. Taa nyekundu. Akaihamishia tundu jingine. Nyekundu. Akabadilisha waya. Nyekundu tena, mwanaharamu. Akafungua orodha ya vifaa na kukuta draiva mbili, moja iliyokuja na mfumo, nyingine aliyoiweka jana, zote zimeing'ang'ania kadi ileile.

Simu ikaita sikioni. Bosi, kutoka uchochoroni.

"Mbona mlango haufunguki?"

"Draiva wawili wanagombana." Fundi alikuwa na tabia hiyo tangu utotoni, kuviita vyombo vyake kama watu.

"Nilijua! Mbaya ni yupi?"

"Wa zamani. Ndiye anayetuvuruga. Huyu mpya hana neno."

"Una uhakika?"

"Nimemwona kwa macho yangu. Akiondolewa tu, tumemaliza."

Bosi alivuta pumzi. "Ataondolewa."

Fundi hata hakulisikia neno hilo vizuri. Vidole vilikuwa kazini. Akaifuta draiva ya zamani, akaiwasha seva upya, akasubiri huku akiuma midomo. Taa ikawaka kijani. Kule kwenye korido, Mabega aliusukuma mlango wa stoo, ukafunguka.

Saa saba na dakika kumi na mbili.

Uchochoroni, Mabega alitupa mabegi kwenye gari la Mgeni na kujirusha ndani. Gari la Kaka lilikuwa tupu.

"Kaka yuko wapi?" Fundi aliuliza.

Bosi alimshika bega, karibu kwa upole. "Pole. Najua ni damu yako. Umefanya kiume kumtaja."

"Kumtaja nani?"

"Draiva wa zamani."

Nyuma ya mapipa ya taka miguu miwili ilichungulia. Fundi alivijua viatu vile. Alivinunua yeye.

"Ni programu!" alipiga yowe. "Ya kompyuta! Nilikueleza asubuhi ukanifunga mdomo!"

Bosi alikodoa macho. Kisha, bila haya, akasema, "Sasa kwa nini hukusema vizuri?"

Hapo Fundi alimrukia. Walianguka pamoja. Mgeni alitazama mara moja tu, akaondoa gari kwa kasi pamoja na Mabega na mabegi yote.

"Tumeachwa! Niachie, mjinga wewe!" Bosi alimchoma kisu mkononi, mara mbili. Fundi aliukumbatia mguu wake na kupiga kelele mpaka madirisha yote yakafunguka.

Polisi waliwakuta hivyo. Walipouliza ni nani aliyemuua yule pale kwenye mapipa, Fundi alimnyooshea Bosi kidole. Kisha akajinyooshea mwenyewe.