Majani Mazima ya Utupa

Samaki wote walikuwa wamekufa. Dokta Faraja Tomasi aliwaona kabla hajamaliza kufungua geti, Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi: perege na kambale, matumbo juu, wametapakaa kwenye mabwawa yote matatu ya kituo cha utafiti kule Bigwa, Morogoro. Katikati yao yalielea majani mabichi. Chini yao maji yalikuwa meupe, unaona mpaka sakafu ya saruji. Faraja alikaa palepale kwenye tope akalia, na kilichomliza kilikuwa hasira kuliko huzuni.

Inspekta Chausiku Pazi alifika saa mbili. Alipokelewa na mkuu wa kituo, Profesa Mansuri, mzee mnadhifu mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, binti yangu. Pole kwa safari." Alifungua friji akamtolea chupa ya maji ya dukani. Nje ya dirisha, kwenye bomba la kisima cha kituo, wanawake wa Bigwa walikuwa wamepanga ndoo foleni. "Usihangaike sana. Huyu ni Mwinshehe, jirani yetu. Tulipogeuza kijito kiingie mabwawani, bustani yake ya mchicha ikakauka. Alitutukana mbele za watu. Na yale majani unayafahamu?"

"Utupa, wa kuleweshea samaki," alisema Chausiku. Alikuwa Mluguru wa Matombo, huko nyuma ya milima. Angeacha kuyafahamu vipi?

"Basi. Waluguru na utupa, tangu enzi na enzi. Kesi imekwisha."

Chausiku hakupenda jinsi neno "Waluguru" lilivyomtoka yule mzee, kama vile anatema ganda la muwa. Alikwenda bwawani, akaokota majani akayatia kwenye mfuko wa vielelezo. Kisha akamwita Faraja pembeni.

"Ulikuwa unatafiti nini hasa?"

"Bwawa la kwanza na la pili yanatumia maji ya kijito. La tatu linatumia maji ya kisima kirefu, hikihiki wanachokunywa watu. Samaki wa mabwawa mawili ya kwanza walikuwa wazima kabisa. Wa bwawa la tatu walitoka vidonda kwenye matamvua, pale wanapopumulia. Kuna kitu kinaingia kwenye maji ya chini ya ardhi, dada."

"Maji yenyewe hayapimwi?"

"Anapima Profesa mwenyewe. Kila mara majibu ni safi. Ndiyo maana nilitaka samaki waseme. Keshokutwa ningewapeleka maabara Dar, wakiwa hai. Sasa angalia! Sumu hii imeunguza matamvua ya wagonjwa na ya wazima. Siwezi kutofautisha. Na Ijumaa kisima kinaunganishwa na shule ya msingi."

"Maji ya mabwawa huwa meupe hivi?"

Faraja alifuta pua. "Hapana. Jana yalikuwa ya kijani kwa mwani. Ukitumbukiza mkono huoni vidole."

Mwinshehe alikuwa tayari mahabusu. Mgambo walimbeba kabla hata ya chai. Alikaa kwenye benchi, mdomo umevimba kwa kofi la mtu ambaye Chausiku aliahidi moyoni kumtafuta baadaye.

"Shikamoo, mzee. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Marahaba. Nyumbani."

"Umeonekana kwenye ua wa kituo, jua linazama."

"Aliyeniona ana makengeza."

"Mzee wangu, unadanganya, na unadanganya vibaya. Ulitia utupa?"

"Sikutia!" Alipiga benchi ngumi. "Wamechukua kijito changu, wamechukua mchicha wangu, sasa wanataka na mwili wangu. Wachukue basi!"

Mkuu wake Chausiku alimwambia amfikishe mahakamani kesho yake, mambo yaishe. Chausiku aliomba siku moja, akapewa kwa kunung'unikiwa.

Mchana alikwenda Mwembesongo, kwenye duka la pembejeo la Mihir Bhagwati. Mtaani walishaanza kunong'ona kwamba Mhindi kawaua samaki ili isijulikane dawa zake za mashamba zinaharibu maji. Mihir alikuwa ameyasikia.

"Inspekta, babu yangu kazikwa hapahapa Morogoro... kachomwa, samahani, lakini hapahapa. Maji ya Bigwa anakunywa dada yangu Drashti na watoto wake. Mimi nimwage sumu?"

"Sijasema umemwaga. Kituo kinanunua nini kwako?"

"Chakula cha samaki. Na klorini ya kuoshea mabwawa yakiwa matupu. Huwa anakuja dereva. Jana, Jumatatu, kaja mkubwa mwenyewe, Profesa, kabeba ndoo mbili kwa mikono yake. Nikamuuliza, mzee, mnaosha nini na samaki wamejaa? Akacheka tu."

Chausiku hakucheka. Alipanda pikipiki kurudi Bigwa, nyumbani kwa Mwinshehe. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa anamnywesha uji mtoto wa mwisho, na alimpokea askari kwa uso mkavu.

"Mama, mumeo ananificha jambo. Akiendelea, kesho anakwenda gerezani kwa kosa la mwingine."

Mwanahawa aliweka kikombe chini, akamwongoza uani. Alifunua pipa. Ndani yake kambale wanne walijinyonganyonga kwenye maji machache.

"Aliiba," alisema. "Jana jioni, kwa kulipiza mchicha wake. Nilipowashika nikaona vidonda, nikakataa kuwapika. Ni mtu mzima, swala tano. Anaona bora aitwe muuaji wa samaki kuliko aitwe mwizi."

Ncha ya pezi la kila kambale ilikuwa imekatwa. Chausiku alimpigia Faraja simu.

"Unakata mapezi ya samaki wako?"

"Wa bwawa la tatu tu, ili nisiwachanganye. Kwa nini?"

"Njoo na chombo. Wako hai wanne."

Faraja alipiga ukelele mpaka Chausiku akaiondoa simu sikioni.

Jumatano asubuhi walimkuta Profesa kisimani, anawaeleza akina mama kuhusu sherehe ya Ijumaa. Safari hii Chausiku hakumwamkia. Alitoa mfuko wa vielelezo.

"Haya majani ni mazima, Profesa. Mtu wa kwetu akitaka kulewesha samaki, anatwanga utupa kwanza mpaka utoke maji. Jani zima halimleweshi hata dagaa. Uliwasikia Waluguru wakitajwa na utupa, hukuwahi kuwatazama wakifanya kazi."

"Binti, chunga maneno."

"Na utupa haugusi mwani. Maji yako yalilala ya kijani yakaamka meupe. Ni klorini, ile uliyoibeba mwenyewe Jumatatu kutoka kwa Mihir. Ukatawanya majani juu, ukamtupia jirani."

"Niue utafiti wa kituo changu? Nipate nini?"

Chausiku alichukua kikombe cha plastiki, akakinga maji bombani, akamnyooshea. "Kunywa, Profesa. Umewaambia hawa ni safi. Kunywa, niondoke nikiomba radhi."

Profesa alikitazama kile kikombe. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, ukarudi chini.

"Kunywa!" Faraja alifoka. "Miaka mitatu unanifundisha kuamini vipimo vyako!"

"Hapa chini kuna mapipa," alisema Profesa kwa sauti ndogo. "Dawa za mashamba zilizoisha muda. Tuliambiwa tuzipeleke zikateketezwe, ni mbali, nikaamuru zifukiwe. Kisima kilipochimbwa nilidhani zimekaa mbali. Kisha samaki wako wakaanza kuumwa. Ningesema nini? Jina langu lote liko kwenye kituo hiki."

"Ungesema msinywe," alijibu Chausiku. "Neno moja tu. Ukaona bora uue mashahidi, umfunge mtu asiye na hatia, na Ijumaa uwafungulie bomba watoto wa shule."

Alimfunga pingu. Faraja alizunguka nyuma ya bomba akakaza koki mpaka vidole vikamuuma. Mmoja baada ya mwingine, wanawake walimwaga ndoo zao, na maji yakatiririka kwenye vumbi, maangavu, hayana rangi wala harufu.

Mwanahawa alibaki na ndoo yake mkononi, mtoto mgongoni. Hakumtazama Profesa. Alimtazama Chausiku.

"Na tuliyokwisha kunywa?" aliuliza.

Chausiku alimpokea ndoo, akaimwaga mwenyewe. Mtoto alikohoa, akalala tena.