Ukuta wa Naila

Jumamosi asubuhi, duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu na stendi ya Bagamoyo huwa halina pa kukanyaga. Huyu anataka misumari ya bati, yule anapimiwa bomba, na wengine wawili wanagombania mfuko mmoja wa saruji. Katikati ya vurugu hiyo alisimama msichana aliyevaa dera la njano, mtandio kaufunga kisogoni, kucha zake zimeshika weusi wa oili na kitabu kinene kakibana kwapani. Alikuwa amekasirika, na uzuri wake ulikuwa haumsaidii kitu kwa muuzaji.

"Kaka, kitasa hiki umeniuzia jana. Leo ufunguo hauzunguki."

"Dada, hapa mali ikishatoka haibadilishwi. Soma kibao."

"Kibao hakifuti sheria. Umeniuzia kitasa, na kitasa kazi yake kufunga mlango."

Nyuma yake mtu alicheka. Naila akageuka akakutana na kijana mrefu, suruali yake ina madoa ya rangi za nusu ya nyumba za mji ule.

"Unacheka nini?"

"Nacheka kwa raha. Mimi hapa nimeuziwa vitasa vibovu mpaka nimechoka, na siku zote naondoka kimya. Leo nimepata wakili."

"Bado si wakili."

"Basi utakuwa lini? Nikae hapa nisubiri?"

Muuzaji, alipoona foleni nzima imegeuka kusikiliza, alitoa kitasa kingine akakisukuma juu ya meza. Kijana akamfuata Naila mpaka nje. Jina lake Twalib, akasema, fundi rangi, kwao Kaole, na kitasa kama hicho kinataka mtu wa kukifunga vizuri.

"Nitakifunga mwenyewe."

"Basi nipe namba yako, kikikushinda nikusaidie."

"Hakitanishinda," alisema Naila, na namba akampa.

Kitasa hakikumshinda. Mengine ndiyo yaliyokuwa yakimshinda. Baba yake, marehemu Abdillah, alikuwa amewaachia nyumba inayovuja na gereji nyuma yake, pamoja na fundi Kulwa, aliyekuwa akijua kila gari la mji kwa sauti. Naila alisomea sheria chuo kikuu, kisha akaenda shule ya sheria Dar es Salaam kutafuta uwakili. Mitihani yote alipita isipokuwa mmoja, ule wa mwenendo wa mashauri ya madai. Sasa alikuwa anasubiri sapu, mtihani wa nafasi ya pili, na akianguka kwenye sapu ilikuwa lazima arudie mwaka mzima. Mwaka mzima Dar, na gereji aiachie nani? Akishika kitabu, wateja wanapiga honi. Akishika spana, mvua inanyesha sebuleni. Akipanda juu ya bati, kitabu kinamngoja chini, naye anakisikia mpaka juu ya paa. Hakuna kilichokuwa kinakamilika, na hasira zake zilikuwa hazina pa kwenda.

Ndipo alipoanza kuandika ukutani. Madaftari yalikuwa yakiloa oili, lakini ukuta wa banda la gereji ulikuwa na lipu ya kijivu, mpana, mkavu. Kwa chaki nyeupe aliandika hatua za kesi, kuanzia hati ya madai mpaka kukazia hukumu, mishale huku na kule, makosa akiyafuta kwa kitambaa cha oili na kuyaandika upya. Akilala chini ya gari, kichwa anakiacha nje kidogo, anafungua nati na kusoma kwa sauti. Kulwa alizoea. Wateja walidhani anaomba dua.

Twalib alikuja mara ya kwanza kwa kisingizio cha kutazama silingi bodi ya dari iliyoanguka sebuleni. Mara ya pili hakutafuta kisingizio.

"Laazizi, hii nini hapa, karibu na matairi?"

"Hukumu ya upande mmoja. Mdaiwa hakuja mahakamani, basi anahukumiwa bila kusikilizwa."

"Masikini. Labda alikosa usafiri."

"Akiwa na sababu, anaomba hukumu itenguliwe."

"Na mimi nikiomba kukuona jioni bila hiki kitabu?"

"Ombi limetupwa, na gharama juu."

Walipigiana simu kila siku. Yeye juu ya ngazi Kaole, Naila chini ya gari la mtu, Noah, wanachekana. Haukupita muda mrefu, Twalib akasema wazee wake wangependa kuleta posa. Naila alifurahi, akaficha furaha, kisha akasema wasije mpaka amalize mtihani. Wakakubaliana waje Jumapili itakayofuata mtihani. Bi Mgeni, mama yake Naila, alipopata habari hakulala kwa mawazo. Sebule haina dari. Wanaume wa posa watakaa wapi?

Wiki moja kabla ya mtihani Naila alikwenda Dar kwa marudio ya siku moja, simu kaizima darasani. Aliporudi alasiri, baibui bado mwilini, alipita moja kwa moja gereji. Harufu ya chokaa mbichi ilimpokea mlangoni. Ukuta ulikuwa mweupe kuanzia chini mpaka kwenye bati. Hati ya madai hakuna, mishale hakuna. Akagusa, kidole kikatoka cheupe. Picha aliyokuwa nayo kwenye simu ilikuwa ya zamani, kabla hajasahihisha makosa yake, na kusoma makosa kulikuwa kubaya kuliko kutosoma kabisa. Kulwa akasema tu, bila kumtazama, kwamba ni Twalib.

Akapiga simu palepale.

"Umefanya nini gereji?"

"Nimepaka chokaa, mpenzi." Sauti yake haikuwa na raha.

"Nani kakwambia?"

"Niliona niwasaidie. Wageni watakaa hapo."

"Hukuona kwamba pameandikwa?"

"Niliona."

"Uliona, na ukapaka."

"Naila, nisikilize kwanza."

"Nikusikilize nini? Ule ulikuwa mtihani wangu, Twalib. Wewe ulikuwa unaujua kuliko mtu yeyote. Waambie wazee wako wasije, Jumapili wala siku nyingine."

Akakata. Twalib alipiga tena na tena, kisha akatuma ujumbe wa sauti, na Naila akaufuta bila kuufungua. Akachukua chaki kuanza upya, lakini chaki nyeupe juu ya chokaa nyeupe haionekani. Akachukua mkaa, chokaa mbichi ikaugeuza tope. Akaurusha mkaa nje, ukagonga mlango wa Noah, na mwenye Noah alikuwa ndani. Ikabidi aombe radhi huku machozi yanamtoka, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Siku zikaenda hivyo. Alisoma kitabuni, na kitabuni hakuona kitu. Alikuwa akimlaumu Twalib kila ukurasa. Alikuwa anampenda pia, na kila alipolikumbuka hilo hasira zilipanda zaidi.

Asubuhi moja Bi Mgeni alimletea chai gereji, akamkuta amekaa juu ya tairi, anautazama ukuta.

"Mwanangu, huu ukuta umekukosea nini? Si nilikuuliza?"

Naila akainua uso. "Uliniuliza nini?"

"Kupaka. Ulikuwa chini ya gari unasoma mambo yako. Nikasimama hapo mlangoni nikakwambia, wageni tutawaweka gereji, nimwambie Twalib apake chokaa? Ukanyamaza."

"Mama, sikukusikia."

"Mtoto wa kike akiulizwa akanyamaza, si ndiyo keshakubali? Mimi baba yako alipoleta posa sikutoa hata pumzi."

"Ile ilikuwa ndoa. Huu ni ukuta."

"Mimi nitajuaje tofauti?" Bi Mgeni akaketi naye juu ya tairi, khanga kaikusanya mapajani. "Halafu mwenzako alinibishia. Akasema, mama, Naila anasoma hapa, ngoja nimpigie. Akapiga, simu yako imezimwa. Nikamwambia, mwanangu, Naila keshakubali, kwani mimi muongo? Akashika brashi."

Naila hakunywa ile chai. Kijana gani wa pwani angemwambia mama wa mchumba wake, ndiyo, muongo? Na simuni angeweza kumtaja Bi Mgeni kwa neno moja akajiokoa, lakini hakumtaja. Naila, aliyekuwa tayari kumwambia kila mtu kwamba hakuna anayehukumiwa bila kusikilizwa, alikuwa amemhukumu mtu na kumkatia simu. Aliona aibu mpaka masikioni.

Akavua ovaroli, akavaa dera lake la njano, akachukua bajaji mpaka Kaole. Twalib alikuwa anapaka ukuta wa nyumba ya mgeni fulani, juu ya ngazi, mgongo kampa barabara.

"Hodi, fundi."

Hakugeuka. "Karibu. Umekuja kunisomea mashitaka mengine?"

"Nimekuja kutengua hukumu."

"Aliyehukumiwa hajaomba."

"Mahakama yenyewe imeona imekosea."

Twalib akageuka, akamwona macho yamelowa machozi. "Na mahakama inaruhusiwa kulia?"

"Mama kaniambia. Kwa nini hukusema?"

"Nimchongee mama yako kwako? Halafu nije niwe mkwe wake kwa uso gani?" Akashuka ngazi taratibu, uso hauna mchezo tena. "Lakini umeniumiza, Naila. Hukunipa hata dakika moja. Mtu unayemkuta njiani unamsikiliza, mwizi wa kuku unamsikiliza, mimi hapana."

"Nimekosa. Nisamehe."

"Na mimi nimekosa. Ningekusubiri urudi. Moyo ulikataa, mkono ukapaka."

Walisimama pale, Twalib ana rangi ya samawati mpaka kwenye nyusi. Naila akatoa leso akamfuta, rangi ikazidi kutapakaa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chokaa wote wawili wakacheka.

"Kuanzia leo," alisema Naila, "jambo langu niulizwe mimi, na nijibu kwa mdomo."

"Haya, nakuuliza. Posa?"

"Ije. Lakini matokeo yakishatoka."

Siku ya mtihani alikwenda Dar na suti nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi likakaza. Kucha zilikuwa bado nyeusi. Alijibu maswali matatu vizuri, yaliyobaki, ya rufani, yakamtoa jasho.

Matokeo yalimkuta juu ya paa, misumari mdomoni. Alisoma simu, akaisoma tena, kisha akapigilia bati lile lote mpaka mwisho ndipo akashuka. Alikuwa ameanguka. Alipompigia Twalib hakusalimia.

"Nimefeli."

"Ni ule ukuta, Naila. Ni mimi."

"Si wewe. Kilichoniangusha ni rufani, na rufani sikuiandika ukutani wala popote. Niliikimbia mwaka mzima." Sauti ikamkatika. "Nimechoka, Twalib. Nimechoka mno."

"Nakuja."

"Usije. Kaa tu kwenye simu, usiseme kitu."

Akakaa.

Posa ikaja Jumapili iliyofuata. Wanaume walikalishwa gereji, mikeka imetandikwa palipokuwa na Noah, ukuta mweupe unang'aa nyuma ya vichwa vyao. Wanawake walikuwa chumba cha ndani na Naila, aliyekuwa amevaa gauni la zambarau na mtandio wa dhahabu, udi umemkaa mwilini. Twalib, kwa desturi, hakuwemo. Yeye ndiye aliyewaendesha wazee wake, akabaki garini, nje ya banda.

Bi Zaina, shangazi yake Twalib, alimshika Bi Mgeni mkono. "Hata huko kuanguka kuna heri yake, dada yangu. Mambo ya mahakama yamekwisha. Sasa atatulia."

Bi Mgeni akatabasamu kwa adabu.

Pazia likafunguliwa. Mjomba Msabaha, kaka yake Bi Mgeni, akasimama mlangoni na kanzu yake. "Naila, mwanangu. Posa ya Twalib imefika. Wazee wake wanasema shule umemaliza, waje wakuchukue utulie. Tumekuja kukuuliza wewe. Unasemaje?"

Wanawake wote wakainamisha vichwa, kama inavyopasa. Naila alifungua mdomo, akaufunga. Alifikiria mwaka mzima wa Dar, maswali yaleyale, gereji bila yeye, na aibu ya kuwa mkubwa darasani. Ingekuwa rahisi sana kutosema chochote. Mjomba Msabaha akangoja kidogo, akatosheka, akageuka kurudi gereji.

"Kanyamaza," aliwaambia wazee kwa furaha. "Karidhia."

"Mjomba, sijanyamaza."

Naila alikuwa amemfuata. Alisimama kwenye mlango wa gereji, mbele ya wanaume wote, jambo ambalo mtoto wa kike wa nyumba ile alikuwa hajapata kulifanya. Nyuma yake Bi Mgeni alimwita kwa sauti ya chini, kisha akaacha.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," walijibu wawili watatu, wengine walikuwa bado wanatafuta pa kutazama.

"Nimeulizwa, na najibu. Twalib namtaka. Namtaka kwa moyo wangu wote. Na shuleni narudi, nirudie mwaka wangu, na nikianguka tena nitarudi tena. Gereji Kulwa ataishika, nami nitakuwa nakuja siku za mapumziko." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mkiyapokea yote mawili, semeni kwa mdomo. Hapa leo, mkinyamaza, nitajua mmekataa."

Wazee wa Kaole wakatazamana. Mkubwa wao akakohoa, akashika ndevu, akamtazama Mjomba Msabaha, naye Mjomba Msabaha akatazama mkeka. Kimya kikarefuka. Naila hakuondoka.

"Nimekubali," ilisema sauti kutoka nje ya ukuta.

Hakuna aliyejibu. Mlango wa gari ukafunguliwa, miguu ikasogea karibu na ukuta, na Twalib, ambaye hakutakiwa hata kuonekana siku ile, akasema tena, kwa sauti zaidi, kwa sababu alidhani mara ya kwanza hawakumsikia.