Kuwasha si Kurusha

Kila asubuhi kabla ya shule, Vitalia humsaidia mama yake kuanika usipa mchangani, hapo Mbamba Bay. Siku ile mikono ilianika, lakini moyo haukuwa kwenye samaki. Mjomba wake Mansuetus, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amefika kutoka Liuli. Mwalimu Gertruda alikuwa amemwalika azungumze na darasa.

Chanzo cha mwaliko ni mdomo wa Vitalia mwenyewe. Nyumbani husemwa kwamba mjomba alikuwa akiwasha ndege za kivita. Shuleni, mbele ya Aurelia ambaye baba yake ni nahodha, "kuwasha" likageuka kuwa "kurusha". Ulimi ukikosa breki ndivyo unavyokuwa!

"Tumpokee rubani wetu!" alisema Mwalimu Gertruda.

"Shikamoo, rubani!"

"Marahaba, wanangu. Ila mimi si rubani," alijibu mjomba. "Sijawahi kurusha hata tiara."

Darasa likacheka. Vitalia aliinamisha kichwa, uso ukimwaka kwa aibu.

"Nilikuwa fundi wa kuwasha," mjomba aliendelea. "Injini za ndege zetu za zamani hazikuwashwa kwa betri. Niliingiza mkebe wa baruti ubavuni mwa ndege. Baruti ikilipuka, gesi yake huzungusha injini mpaka iwake."

"Na mkebe ukigoma?" aliuliza Aurelia.

"Hapo ndipo penye kazi. Rubani amekaa, wakubwa wanatazama. Nanyoosha mkono juu na kutangaza, 'Haujalipuka!' Hakuna anayesogea mpaka muda wa hatari upite. Aibu niliiona, wanangu. Lakini ningenyamaza, mwenzangu angeusogelea na kuuawa."

Mwalimu Gertruda alikuwa amefadhaika. "Tuwie radhi, mzee. Nadhani mimi ndiye niliyesikia vibaya."

Mjomba hakumtazama mpwa wake, asije akamfichua. Vitalia angeweza kunyamaza, na mambo yakaishia hapo. Lakini mwalimu alikuwa akiomba radhi kwa kosa lisilo lake, na jambo hilo lilimchoma Vitalia kuliko kicheko cha darasa zima. Akanyoosha mkono juu.

"Mwalimu, hukusikia vibaya. Mimi ndiye niliyesema uongo. Niliona 'kuwasha' ni neno dogo. Mjomba, nisamehe. Nilikuonea aibu."

Machozi yalimtoka mbele ya wote. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nimekusamehe, mama," alisema mjomba kwa upole. "Aibu ya kusema kweli ni kali, lakini hupita. Uongo uliofichwa haupiti. Unakaa moyoni kama mkebe uliogoma, na anayeumia huenda akawa mtu mwingine. Leo nusura aumie mwalimu wako. Haya, futa machozi. Ukiulizwa tena, mjomba wako alikuwa akifanya nini?"

"Alikuwa akiwasha," alisema Vitalia, kwa sauti iliyofika dawati la nyuma.