Aliyengoja Karibu

Saa ilikuwa imelala kwenye kisosi juu ya meza ya jikoni, haiko mkononi mwa mtu, na bado ilikuwa inahesabu mapigo ya moyo. Mjane aliiona alipokuwa anapita na beseni la nguo. Kwenye kioo chake kimoyo chekundu kilikuwa kinadunda, na chini yake namba inapanda kidogo, inashuka kidogo, namba za mtu aliyekaa kitini anapumzika.

Hakupiga kelele. Mtu aliyemzika mumewe juzijuzi hana tena akiba ya kelele. Aliifunga saa kwenye kitambaa akaipeleka kwa shemeji yake.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuwa fundi simu. Kibanda chake kilipakana ukuta kwa ukuta na cha mama mmoja fundi cherehani, ambaye watu walimwita Shangazi Sindano kwa kuwa sindano hazikumtoka mdomoni hata akisalimia. Wengine walikwenda kwake kupunguza sketi. Wengine walikwenda jioni, kimyakimya, kwa mambo ambayo cherehani haishoni.

"Hilo lisikutishe, shemeji," fundi alisema. "Chini ina taa ya kijani inayotafuta damu. Hata ukiivalisha karatasi ya chooni itakuletea mapigo. Saa hizi ni waongo kuliko mimi."

Akaifunga kweli kwenye karatasi ya chooni, na ikahesabu. Mjane alikaribia kucheka.

"Na tachi?"

"Tachi bado imekufa."

"Usiseme imekufa."

Fundi aliinamisha kichwa. "Haisikii, shemeji. Kioo hakisikii vidole. Nisamehe."

Saa ilikuwa mkononi mwa marehemu siku gari lilipomgonga. Simu yake ilisagika, lakini saa ilitoka nzima, ila kioo kilionyesha kila kitu na kugoma kuguswa. Kilichoonyeshwa ndicho kilichomla mjane usiku na mchana: alama ya kipaza sauti, picha yake mwenyewe, na maneno "Ujumbe wa sauti haujatumwa". Mumewe alikuwa amemrekodia kitu njiani. Kukisikia ilitaka mguso mmoja tu. Na asubuhi ile waliachana wamenuniana kwa sababu ya pazia la jikoni, ugomvi wa kipuuzi ambao mjane hakumwambia mtu, hata mama yake mzazi, kwa aibu.

Fundi alikuwa amejaribu kila alichokijua. Alifuta kioo kwa kitambaa laini, akabandua plastiki ya juu, akaikausha kwa subira, akaizima na kuiwasha. Mwisho alibadilisha kioo chenyewe. Kioo kipya nacho hakikusikia, na hilo hakulipenda, ila alilinyamazia. Ilibaki njia moja: kushikilia vifungo viwili vya ubavuni bila kuachia, mpaka saa ijifute na kurudi ilivyotoka dukani. Tachi ingerudi. Ujumbe ungefutika.

"Sitaki," mjane alisema. "Kama ni kukaa na saa isiyosikia mpaka nizeeke, nitakaa nayo."

Fundi naye alikuwa na hamu ya kuisikia tena sauti ya kaka yake, kwa hiyo hakubishana. "Basi iweke kwenye chaji. Kila ukipita, igonge kioo mara mbili kwa ukucha, taratibu. Nyingine huamka hivyo. Ikiamka, usiguse kitu, nipigie."

Kugonga mara mbili. Mjane alitabasamu akiwa njiani, tabasamu la kuuma. Hivyo ndivyo mumewe alivyobisha hodi, mara mbili kwa ufunguo kwenye dirisha la jikoni, na kabla hujainua uso alikuwa ameshaingia, anafunua masufuria.

Aligonga siku hiyo, na siku zilizofuata, akienda kuteka maji anagonga, akirudi anagonga. Saa ilimtazama tu. Kisha mchana mmoja, jua kali, akiwa amekaa anakunja nguo, saa ikagonga.

Mara mbili. Haikuwa mtetemo wa ujumbe, mtetemo alikuwa anaujua. Ulikuwa ukucha, na ulikuwa upande wa ndani wa kioo. Na kwa kuwa mdomo wa mtu aliyelelewa vizuri hutangulia akili yake, mjane alisema:

"Karibu."

Pazia la jikoni, lililokuwa linaning'inia upande mmoja tangu siku ya ugomvi, lilijaa upepo wakati nje hakukuwa na upepo. Ikaja harufu ya udongo mbichi, ule unaotoka chini kabisa shimo likichimbwa, na ndani yake harufu ya mafuta ya nywele ya mumewe. Kiti cha pili kilisogea nyuma taratibu, kwa adabu, kama cha mgeni anayejua kuwa amekaribishwa.

Hakumpigia shemeji yake. Tuseme ukweli, alifurahi. Alipika kwa watu wawili na kupakua kwa watu wawili, na chakula cha sahani ya pili hakikupungua ila kilipoa upesi kuliko cha kwanza, kikashika ukungu kabla ya jioni, naye akawa anakimwaga bila kujiuliza, kwa sababu kitanda kilibonyea upande wa pili tena, na sauti ndogo kutoka kwenye kisosi ilimwita "mke wangu, mke wangu" mchana kutwa, na kila ilipomwita alihisi baridi inampanda kutoka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko na hakujali, alivaa sweta tu.

Fundi alipoona kimya kimezidi alikwenda mwenyewe. Alimkuta shemeji yake amevaa sweta mbili mchana kweupe, mashavu yameingia ndani, mezani sahani mbili.

"Ongea polepole," mjane alinong'ona. "Ndio kwanza amelala."

"Nani, shemeji?"

Fundi alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa wa baridi kiasi kwamba aliugeuza kuutazama, akaona kwenye kifundo cha mkono duara jeupe la saa ambayo mjane hajawahi kuivaa, akabonyeza pale mshipa unapopigia, akangoja, akabonyeza tena, hakusikia kitu. Macho yake yakaenda kwenye kisosi. Kimoyo chekundu kilikuwa kinadunda kwa nguvu. Mjane alipoinuka kumtengea kiti, namba ikapanda. Alipokaa akihema, namba ikashuka. Safari hii saa haikuwa inadanganya, na yale mapigo hayakuwa ya saa.

Fundi alitoka mbio, akarudi na Shangazi Sindano. Mama yule alisimama mlangoni, akanusa, akatoa sindano zote mdomoni akazichomeka kwenye kola. Fundi hakuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Nani alisema karibu?" aliuliza.

"Mimi," mjane alisema. "Ni mume wangu."

"Alibisha hodi?"

"Aligonga mara mbili. Kama kawaida yake."

"Kisha?"

"Kisha nikamkaribisha, ndipo akaingia."

Shangazi Sindano alimtazama kwa huruma. "Mumeo alikuwa anangoja akaribishwe, mwanangu?"

Mjane alimwona mumewe akilini, na ufunguo mkononi, mguu mmoja umeshapita kizingiti kabla dirisha halijaacha kulia.

"Hapana," alisema. "Hangoji. Hakuwahi kungoja kwake. Na hakuwa ananiita mke wangu. Alikuwa ananiita Bosi."

Kioo kikawaka.

"Mimi siwezi kumtoa," Shangazi Sindano alinong'ona upesi. "Ni mgeni wako, kwa mdomo wako. Muage wewe, na ufunge mlango aliopitia. Fundi, mlango ni upi?"

"Vifungo viwili," fundi alisema. "Ashikilie. Saa ijifute."

"Akiachia katikati?"

"Itarudi kama ilivyo sasa."

"Basi asiachie."

Mjane aliichukua saa. Ilikuwa ya moto, yeye mzima alikuwa wa baridi. Akapiga moyo konde, akabana vifungo vyote viwili, akasema, "Umekaa vya kutosha. Kwaheri, mgeni," na papo hapo vyombo vikaanza kugongana kabatini, harufu ya udongo ikajaa mpaka fundi akaziba pua kwa shati, na sauti kwenye kioo ikaanza kubembeleza, mke wangu, achia kidogo, tachi imepona, ona, gusa, na kweli alama ya kipaza sauti ilikuwa inapepesa chini ya kidole chake kwa mara ya kwanza tangu msiba, tayari kusikia, na ile sauti ilipoona habanduki ikageuza, ikasema Bosi, Bosi wangu, kwa kuwa jina hilo ilikuwa imelisikia muda si mrefu kutoka kinywani mwake mwenyewe, naye akalia kwa sauti lakini vidole havikulegea.

Halafu mgeni akanyamaza. Ikasikika sauti nyingine, ya mbali, ya mtu anayetembea barabarani, magari yanapita, anahema na kucheka kidogo kwa haya.

"Bosi," ilisema. "Lile pazia..."

Kioo kikazima.

Mjane alibaki amebana vifungo, mdomo wazi. Jina Bosi lilikuwa limeshasikika. Lakini habari ya pazia hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani. Alikuwa mumewe. Alikuwa yeye kabisa, na vidole vyake mwenyewe ndivyo vilivyomkatiza.

Saa iliwaka upya, safi, ikimwomba achague lugha. Fundi aligusa kioo kwa ncha ya kidole, nacho kikasikia mara moja. Mshipa wa mjane ulikuwa unapiga, Shangazi Sindano alikuwa ameushika anatikisa kichwa kwa shukrani, na mjane alikuwa amekaa sakafuni analia kama siku ya kwanza, pengine zaidi.

"Labda alitaka kusema atalifunga vizuri akirudi," fundi alisema, naye machozi yanamtoka.

"Labda."

"Au alikuwa anaomba radhi."

"Labda, shemeji. Niache."

Saa aliivunja fundi mwenyewe kwa nyundo, akaitupa. Pazia mjane hakulifunga upya, liko vilevile, linaning'inia upande mmoja. Na nyuma yake, michana ya jua kali, kuna anayegonga dirisha mara mbili. Mjane huacha alichonacho, husimama katikati ya jikoni ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, anautazama mlango, anaomba kwa moyo wake wote kwamba safari hii mlango ufunguke wenyewe, mguu uingie, masufuria yafunuliwe.

Lakini anayegonga hugonga mara mbili, kisha hungoja.