Nani Alilifunga Tawi la Zege?

Kishindo kilisikika asubuhi, watu wa ofisini wakiwa na vikombe vya chai mkononi. Madirisha yalitetemeka, vumbi jeupe likapenya chini ya mlango. Walipotoka mbio, dari la zege la ghorofa ya pili lilikuwa limelala chini. Fundi seremala aliyekuwa akiondoa nguzo za muda zilizolishikilia alikuwa amefukiwa. Walimtoa akiwa hai, lakini miguu yake haikutazamika.

Kabla ya adhuhuri, inspekta wa polisi alimtia pingu msimamizi wa ujenzi.

"Dada, si mimi," msimamizi alisema, akimtazama dada yake aliyesimama mlangoni. "Wallahi si mimi."

Dada mtu alisogea hadi kwenye meza ya inspekta. Yeye ndiye aliyemlea mdogo wake huyo tangu wazazi wao walipofariki. Kwa kazi alikuwa mwandishi wa miongozo. Kampuni ilileta programu mpya ya kupangia ujenzi, naye aliitwa kuandika kitabu cha kuieleza, kwa maneno ambayo hata fundi aliyechoka atayaelewa.

Inspekta aliigeuza kompyuta. "Nieleze hiki kitu, mama. Polepole."

"Jengo lote limo humu kama mti, afande. Kazi kubwa ni tawi. Ndani ya tawi kuna kazi ndogondogo, kila moja na jina la mwenye kazi. 'Kuondoa nguzo' haifunguki mpaka 'kukauka kwa zege' iandikwe imekwisha. Ikifunguka, fundi anapata ujumbe kwenye simu kwamba aanze."

"Na leo saa mbili asubuhi imeandikwa imekwisha, zege likiwa bado bichi. Jina hili ni la nani?"

"La mdogo wangu."

"Basi tumemaliza."

Mwandishi aliitazama tena kompyuta. Kulikuwa na jambo alilolijua. Akilisema, huenda angemwokoa mdogo wake, na huenda angejitia kitanzi mwenyewe.

"Afande, jina hilo halimaanishi kwamba yeye ndiye aliyebonyeza. Mtu akilifunga tawi zima, yaani akiliandika limekwisha, programu inafunga kila kilichomo, na inaandika jina la mwenye kazi. Aliyebonyeza haonekani. Nimeigundua kasoro hiyo juzi nikiijaribu programu. Ukurasa wake hata sijaumaliza."

"Nani anaweza kufunga tawi zima?"

"Watatu tu. Mwenye kampuni, mhandisi wa mipango..." Alimtazama mdogo wake. "Na mimi."

"Dada, nyamaza!" msimamizi alipiga kelele.

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mwenye kampuni yuko kwenye ndege tangu alfajiri. Mmebaki wawili, mama, na wewe ndiye unayeijua kasoro yenyewe."

Mwandishi aliiona selo kabla hajafikishwa.

Mhandisi wa mipango aliitwa. Aliingia taratibu, akamvutia mwandishi kiti kwanza ndipo akakaa.

"Ulijua lini kuwa nguzo zinaondolewa?" inspekta aliuliza.

"Niliposikia kishindo. Mimi nilijua ni kazi ya wiki ijayo." Alimgeukia mwandishi kwa upole. "Namheshimu sana huyu dada. Lakini damu nzito, afande. Mtu atasema lolote kwa ajili ya ndugu yake."

Mwandishi alijua yeye hakubonyeza, lakini nani angemwamini?

Mlango ulisukumwa kwa kiwiko. Mama chai, anayewapikia wafanyakazi chai, aliingia na glasi ya maji. Hakumsalimia yeyote. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imefungwa pingu, akamnywesha kidogokidogo kama mtoto mgonjwa.

"Na wewe ulikuwa wapi dari likianguka?" inspekta aliuliza.

"Ofisini, mwanangu. Siku zote naweka jiko langu chini ya dari lile, kwenye kivuli. Leo huyu mhandisi alinifuata mwenyewe, akanibebea birika mpaka huku ofisini. Mungu amzidishie. Sasa hivi mngekuwa mnanililia."

Mwandishi alikumbuka mhandisi akiingia na birika lile, na jinsi alivyojisemea kimoyomoyo: huyu kijana amelelewa vizuri. Sasa wema ule ule ulimtia shaka.

"Mama chai," alisema, "alikwambia kwa nini uhame?"

"Alisema pale kutakuwa na vumbi."

"Vumbi la kazi gani? Upande ule hakukuwa na kazi nyingine leo. Ni nguzo tu."

Mabega ya mhandisi yalishuka.

"Nilikosea kupanga ratiba, kazi ikachelewa," alisema. "Mwenye kampuni aliniambia akirudi akazikuta nguzo bado zipo, nifungashe vyangu. Nilidhani dari litashika. Nimewahi kuona madari yakishika mapema. Ila... niliogopa, nikamtoa mama."

"Na jina la msimamizi?"

"Nilijua litatokea lake. Nilisoma rasimu ya mwongozo mezani kwa dada."

Mama chai aliiweka glasi mezani kwa mikono miwili. "Kumbe ulijua. Ukanibebea birika, ukamwacha yule fundi? Ana watoto yule! Kwa nini mimi tu?"

Mhandisi hakuinua uso. "Wewe nakuona kila siku, mama. Yeye nilikuwa namwona kwenye kompyuta tu. Jina, chini ya tawi."

Mama chai alijifunika uso kwa khanga.

Pingu zilihama mikono. Msimamizi alisugua vifundo vya mikono yake. Dada yake alimkumbatia.

"Twende nyumbani, dada. Umechoka."

"Hapana, mdogo wangu," alisema, akijifuta macho. "Twende hospitali kwanza. Mke wa fundi yuko kule peke yake."