Kamba ya Stoo

Rafiki yangu mmoja, enzi zake za skauti wa kike, alitumwa yeye na shoga yake wakalete hema kwenye stoo isiyo na dirisha. Walizoea hivi: mmoja anaingia na kamba, mwenzake anashika ncha nyingine mlangoni, ukivuta mara mbili, naye anavuta mara mbili.

“Shoga, usiniache.”

“Nikuache niende wapi?”

Ndani giza totoro. Akavuta, akajibiwa. Akavuta tena, akajibiwa. Hema hakuliona, akageuka na kuifuata kamba kwa mikono, ncha aliyoingia nayo ikiburuzika nyuma yake.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Ncha ya pili ilikuwa imetupwa chini, na shoga yake yuko uwanjani anaimba na wenzake.

“We!” akamwita kutoka pale mlangoni. “Si ulikuwa unanijibu?”

“Mimi? Ulipoingia tu, nikaja zangu huku!” Akacheka, hana hata haya.

Rafiki yangu alikuwa bado ameishika kamba. Ikavutwa mara mbili, kutoka ndani.