Kifungo, Ongeza Sauti

Mimi ni mpiga pasi. Nimeishi katika nyumba hii ya vyumba sita kwa miaka kumi na mmoja. Bomba letu ni moja, liko uani, na ukitaka habari za mtu, amka mapema ukapange ndoo. Ninayosimulia hapa mengi niliyasikia kwa masikio yangu. Sijivunii.

Chumba cha pili walikaa fundi cherehani, mumewe na binti yao wa miaka saba. Binti tulimwita Kifungo, maana tangu anatambaa alikuwa akiokota vifungo chini ya cherehani ya mama yake na kuvitia mdomoni. Mama alishona barazani. Kifungo akitoka shule alimtungia uzi kwenye sindano. Siku nyingine mama hakuweza kutunga mwenyewe, kwa sababu jicho moja lilikuwa limevimba.

Mume alikuwa fundi redio. Kazini mikono yake ilikuwa na adabu. Redio ya mteja aliifungua taratibu, akaipuliza vumbi, akaifunga bila kupoteza hata skrubu moja. Watu walimsifu kwamba ni mpole, hana makuu. Nyumbani ilikuwa habari nyingine.

Alirudi jioni. Mume akiwa amekunja uso, mama alisema maneno matatu tu: "Kifungo, ongeza sauti."

Mtoto aliinuka, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, kisha akaingia chini ya meza. Mama hakutaka majirani wasikie anavyopigwa. Mambo yakiisha, Kifungo alitoka akapunguza sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kama watoto wengine wanavyotumwa chumvi dukani.

Maskini, mama yule alidhani anatuficha. Wote tulijua. Redio ikipanda, tulifunga madirisha. Tulijiambia, ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Basi tulilima miaka mitatu. Mimi nilikuwa napiga pasi shati lilelile mara mbili, mara tatu, mpaka redio ishuke.

Siku moja shule ya Kifungo ilikuwa ikijiandaa kwa siku ya wazazi. Mwalimu alileta spika darasani ili watoto wajifunze wimbo. Alipoiwasha, Kifungo aliingia chini ya dawati. Akamvuta na mwenzake, akamziba masikio. Mwalimu alipoinama kumtazama, Kifungo alimwambia, "Usiogope, mwalimu. Ikiisha nitapunguza."

Mchana huohuo mwalimu alimleta nyumbani, akamweleza mama yaliyotokea, akaondoka. Yaliyofuata alinisimulia mama mwenyewe baadaye. Alisema alikuwa amechoka mpaka mifupa, na aliogopa. Mumewe akisikia kwamba siri imefika shuleni, itakuwaje? Hofu ikageuka hasira, na hasira siku zote humwangukia mdogo. Akachukua futi yake ya mbao ya kupimia vitambaa.

"Umewaambia nini watu?" akauliza.

Kifungo hakulia wala hakukimbia. Alikwenda mezani, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho. Kisha akarudi, akasimama mbele ya mama yake akingoja kupigwa.

Mimi nilikuwa uani naanua nguo. Redio kupanda mchana, na mume yuko kazini, lilikuwa jambo geni. Muuguzi wa zahanati alikuwa anaingia kutoka zamu. Alikuwa amehamia chumba cha tano wiki mbili tu. Aliniuliza kuna nini. Nikamjibu kama tulivyozoea kujibu: ni mambo yao.

"Mambo ya nani, mama?" akaniuliza. "Hata mimi nimeyasikia mara nne tangu nihamie."

Alikwenda kubisha mlango. Nikamfuata kwa aibu.

Tulimkuta mama amekaa sakafuni, futi iko pembeni. Hakuwa amempiga mtoto. Alikuwa anamtazama tu. Muuguzi alizima redio, akamwomba Kifungo akaniletee maji bombani, kisha akakaa sakafuni pamoja na mama.

"Nimemfanya nini mwanangu?" mama akasema. "Baba yake hajawahi kumgusa huyu. Nilidhani yeye yuko salama."

"Dada, mtoto anayesikia mama yake akipigwa, naye ameumia," muuguzi akasema. "Anakojoa kitandani?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Na darasani anasahau masomo? Anashtuka ovyo?"

Akaitikia tena.

Muuguzi alimweleza kwamba mtoto wa namna hiyo si mkaidi wala hajarogwa. Mwili wake unakesha hata akilala. Asiposaidiwa, anaweza kukua akidhani nyumba zote ndivyo zilivyo, naye akapiga au akakubali kupigwa. Lakini mtoto akipata utulivu na mtu wa kumsikiliza, hupona.

"Mimi ndiye namuudhi baba yake," mama akasema.

"Wateja hawamuudhi? Mbona hawapigi? Anayepiga ndiye mwenye kosa, na sheria inasema hivyo."

Mama akasema amechoka hata kufikiri, na hana pa kwenda. Muuguzi hakumharakisha. Alimwambia kuondoka kuna hatari zake, kwa hiyo kupangwe kimyakimya. Atie vyeti, kadi ya kliniki na nguo chache kwenye mfuko, mfuko ukae kwangu. Dada yake mkubwa ajulishwe. Akipigwa, aende hospitali atibiwe na majeraha yaandikwe, kisha aende polisi na kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Kifungo hakuambiwa lolote. Mtoto hapewi kazi ya askari.

Jioni ile, kabla mume hajarudi, muuguzi alitukusanya bombani. Hakutugombeza, ingawa tulistahili. Alituomba jambo moja: redio ikipanda tena, tusifunge madirisha. Mmoja apige simu polisi, wengine twende wote pamoja tukabishe. Asiende mtu peke yake.

Siku ya tatu redio ilipanda.

Niliweka pasi chini. Niliogopa, sitaki kudanganya. Lakini mlango wa tano ulifunguka, na wa kwanza, na wa nne, na wa sita. Tulibisha mpaka mume akafungua, anahema.

"Mambo ya ndani hayawahusu," akasema.

"Redio yako imetuhusu miaka mitatu, Fundi," nikamjibu. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini ilitoka.

Alitutazama mmoja mmoja. Hakuzoea kuonekana. Akakaa kwenye kiti, na mama akapita katikati yetu, mkono mmoja ameshika ubavu, mwingine amemshika Kifungo. Polisi walipofika, mama alikuwa amesharudishiwa mfuko wake. Muuguzi alikwenda naye hospitali.

Sitasema mambo yalikuwa mepesi. Kesi iliahirishwa mara nyingi. Shemeji walikuja kumbembeleza aifute, akakataa. Mwishowe hakimu alimkataza mume kumkaribia. Kifungo alikwenda kwa mshauri wa watoto kila wiki. Mama naye alinipa ile futi nikainyooshee mashuka, akajinunulia ya utepe.

Leo wamepanga chumba mtaa wa pili. Juzi nilimpelekea nguo za wateja wake nilizozipiga pasi. Nikamkuta anashona, redio inaimba chini kwa chini. Kifungo hakojoi kitandani tena, na mwalimu anasema sasa hunyoosha mkono darasani.

Ukaja wimbo fulani. Kifungo akaenda mezani, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Mguu wa mama ulisimama kwenye cherehani. Mimi nami nilisimama, nguo mkononi. Tukamtazama mtoto. Alikuwa anacheza, miguu mitupu juu ya vipande vya vitambaa, anakosea hatua na kucheka.

Mama alirudisha mguu, cherehani ikaendelea, na hakuna aliyemwambia apunguze.